Mstari wa Chokaa

"Kwanza tutengenezee hiki," Afisa alisema, akakisukuma kipaza sauti juu ya meza. "Ni cha ukumbini. Kinakoroma tu. Halafu tutaongea habari ya kijana wako."

Basi Moja-Mbili akakitengeneza. Angefanya nini? Moja-Mbili halikuwa jina lake, lakini mtaa mzima ulishalisahau lile alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kukodisha spika: harusi, misiba, mikutano ya shule, ufunguzi wa duka la magodoro. Palipohitajika sauti kubwa aliitwa yeye, na kabla ya kumkabidhi yeyote kipaza alikijaribu mwenyewe kwa maneno yale yale, moja, mbili, moja, mbili, hata watoto wakimwona anasukuma mkokoteni wake wa vyombo humwitikia kutoka mbali: "Tatu!" Siku hiyo hakuwa na mkokoteni wala wa kumwitikia. Alikuwa amekaa kwenye benchi la korido tangu asubuhi, akamwamkia kila aliyepita, mpaka mfagizi, kwa kuwa mwenye shida hajui ni nani atakayemfaa. Sasa alikuwa amepiga magoti kando ya meza ya mtu aliyemfungia mwanawe, anakaza waya uliolegea kwa ncha ya kisu cha kufungulia barua.

Kitinda, mwanawe wa mwisho, alikuwa mahabusu tangu mvua zilipokatika. Bomba la maji la mtaa lilifungwa ili kiwanja chake kiuzwe, vijana wakakaa barabarani kuzuia magari ya mnunuzi, wakazolewa kama magunia ya mkaa. Hawakupelekwa mahakamani wala hawakuambiwa kosa lao. Tangu hapo kila Ijumaa mama zao walikwenda kusimama nje ya lango la gereza. Aliyewaongoza ni mke wa Moja-Mbili mwenyewe, mwanamke dobi, ambaye kabla ya hapo hakuwahi kumpigia mtu kelele isipokuwa mteja mwenye kusahau deni.

"Umemaliza?"

"Kiko sawa, mkubwa. Waya ulikuwa umeachia."

"Kijaribu basi."

Moja-Mbili akakitazama kile kipaza, akamtazama Afisa, akamtazama karani aliyekuwa amesimama mlangoni na faili kifuani. Akainamisha kichwa. "Moja," akasema kwa sauti ndogo. "Mbili."

Afisa akapiga meza kwa kicheko. "Kumbe ni kweli! Si nilikwambia?" alimwambia karani, na karani naye akacheka, maana mshahara una masharti yake. Moja-Mbili akacheka pia. Baadaye alikuja kujuta kile kicheko kuliko mambo mengine mengi aliyoyafanya mle ndani.

Karani alipotoka, Afisa alifunga mlango mwenyewe, akamsogezea mgeni wake kiti.

"Mzee, Jumamosi mkeo ana mkutano. Kibali nimekitia sahihi mimi. Uwanja wa mpira mbele ya gereza, mwisho wao ni mstari wa chokaa wa upande wa lango. Hakuna kuuvuka. Spika ni zako?"

"Ni zangu, mkubwa. Wala sikuwatoza."

"Sikukuuliza hilo." Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Vyombo huharibika. Si ndiyo? Fundi hodari kama wewe, lakini chombo ni chombo. Mkeo akishaanza kusema, sauti ikikatika dakika moja, mbili, nani atashangaa? Watu wasiposikia huchoka. Wakichoka huenda kwao. Hapigwi mtu, hakamatwi mtu. Hata mkeo nitakuwa nimemsaidia. Au unataka naye aingie ndani?"

"Na kijana wangu?"

"Jumapili atakunywa chai kwenu."

Moja-Mbili alitaka kuuliza atayaaminije maneno hayo, lakini kikohozi kilimjia. Mara ya mwisho waliporuhusiwa kumwona Kitinda, kijana alisimama nyuma ya wavu na kukohoa. Mama yake alitazama jinsi alivyokonda. Baba yake alikisikiliza kile kikohozi. Sikio lake lilikuwa la kazi. Lilijua chombo kinachokoroma kwa vumbi na kinachokoroma kwa kuwa ndani kimeoza, na kikohozi kile kilitoka mbali.

Hakusema ndiyo. Wala hakusema hapana. Aliinuka, akasema, "Asante, mkubwa," na kwa watu wa namna ile asante inatosha kabisa.

*

Nyumba yao ilikuwa chumba kimoja na kibaraza kilichozibwa kwa mabati. Mashati ya watu yalining'inia kwenye kamba kutoka ukuta hadi ukuta, mtu akitaka kupita huinama kama anayeingia pangoni. Spika kubwa mbili zilizokuwa hazina kazi ndizo zilikuwa meza yao ya kulia. Alipofika alimkuta mkewe anapiga pasi huku anajifundisha hotuba, na rafiki yake wa kufa na kuzikana, Mama Cheko, mke wa Fundi Viatu wa nyumba ya pili, amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, miguu yake iliyovimba ameinyoosha mbele. Mtoto wa Mama Cheko, Mrefu, alikamatwa pamoja na Kitinda, siku moja, gari moja.

"Shemeji huyo!" Mama Cheko alisema. "Njoo umsikilize mkeo. Amekuwa mbunge."

"Nyamaza wewe," mkewe alisema, akatelezesha pasi juu ya kola. "Umeshinda wapi, Baba Kitinda? Hata chakula cha mchana hukuja."

"Nilikuwa natafuta waya."

"Umepata?"

"Nimepata."

Uongo huo ulimtoka mwepesi hata yeye mwenyewe akaushangaa. Alikaa kizingitini akavua viatu.

"Jumamosi mimi sikai mbele," Mama Cheko aliendelea. "Miguu hii na jua lile, mtanibeba. Nitakaa nyuma kabisa, kwenye kivuli cha ukuta. Nitamsikia mwenzangu kwa spika zako, shemeji. Ole wako zikorome."

"Haziwezi kukoroma," mkewe alimjibia. "Huyu spika zake anazipenda kuliko mimi. Usiku anazifunika shuka, mimi ananiacha na baridi."

Mama Cheko alicheka kile kicheko chake kilichompa jina, kicheko cha kuanzia tumboni, kinachowafanya watu wa nyumba ya tatu waulize kuna nini. Moja-Mbili alitabasamu kwa midomo tu.

Alipoondoka jirani, mkewe aliweka pasi chini, akasimama katikati ya mashati ya watu, akasema hotuba yake kwa ukuta. "Hatukuja kuomba msamaha, maana hatujaambiwa kosa. Tumekuja kuuliza. Watoto wetu wamefanya nini? Anayejua na aseme. Kama hakuna anayejua, lango lifunguliwe." Akamgeukia mumewe. "Inatosha? Au ni fupi mno?"

"Inatosha."

"Mbona uko hivyo? Unaogopa?"

"Wewe huogopi?"

"Naogopa mpaka nyayo. Lakini fikiria, mume wangu. Kitinda akitoka peke yake leo, kesho watamzoa tena, tutarudi kule kule kwenye korido kuamkia watu. Wakitoka wote kwa sababu tumesimama wote, watakaoogopa safari nyingine ni wao. Mimi nimechoka kuwa mtu wa kuombaomba." Akaichukua tena pasi, akaitemea mate kidogo kuona kama bado ina moto.

Maneno yale yalikuwa ya kweli, Moja-Mbili aliyaona kabisa kuwa ya kweli. Lakini ukweli haukumfanya asikisikie kile kikohozi. Alitaka amwambie. Alifungua mdomo mara mbili, akaufunga mara mbili, na mara ya tatu akauliza kama kuna maji ya kuoga.

*

Jumamosi watu walijaa kupita walivyotegemea. Kina mama walikuwa wamewaalika ndugu na majirani. Wakaja wachukuzi wa sokoni, walimu wa shule ya msingi, wanafunzi, mafundi ujenzi na matope yao miguuni, watu ambao hawakuwa na mtoto mahabusu ila nao walikuwa na bomba lao lililofungwa mahali fulani. Moja-Mbili alikuwa amesimamisha spika za pembe juu ya nguzo mbili, akaelekeza moja kwa watu na moja kwa gereza ili vijana wasikie. Mkewe ndiye aliyeomba hivyo. Jenereta lilikuwa pembeni, na yeye alikuwa nyuma ya kimeza chake cha vyombo. Mbele ya kina mama mstari wa chokaa ulikuwa umepigwa upya, mnene, mweupe. Ng'ambo ya mstari walisimama askari. Walikuwa wamekwisha kuvaa kofia za chuma, na hilo alilikumbuka baadaye. Afisa alikuwa amesimama chini ya mwavuli karibu na lango.

Mkewe alishika kipaza kwa mikono miwili, mikono iliyochubuliwa na sabuni. Sauti ya kwanza ilitetemeka. Ya pili haikutetemeka.

"Hatukuja kuomba msamaha," alisema, "maana hatujaambiwa kosa."

Uwanja mzima ulinyamaza. Kisha kutoka ndani ya gereza, juu kwenye vidirisha vyenye nondo, kukasikika mlio. Kitu cha bati kiligongwa kwenye chuma. Kikafuatwa na kingine, vikawa vingi. Vijana walikuwa wamesikia. Kina mama waliangua kilio na vigelegele kwa pamoja, na Moja-Mbili alisikia nywele zikimsimama. Kwa kitambo kidogo alisahau kila kitu. Ile ndiyo sauti nzuri kuliko zote alizowahi kuzipitisha kwenye nyaya zake, nayo ilikuwa ya mke wake.

Halafu akamtazama Afisa. Afisa hakufanya ishara yoyote. Alitazama saa yake tu, kama mtu aliyealikwa chai mahali.

Moja-Mbili akashika kile kidude cha kuongezea na kupunguzia sauti, akakizungusha taratibu mpaka mwisho, kwa adabu ile ile anayoitumia kila msemaji anapomaliza. "Tumekuja ku..." mkewe alisema, na sauti ikafa.

Sasa, kuna jambo ambalo kila fundi wa sauti analijua, na Moja-Mbili alilijua kuliko wote. Sauti ikikatika, watu hawaondoki. Husogea. Baba wa bibi harusi akishaanza kusema na kipaza kikazima, wa nyuma huja kati, wa kati huja mbele, mpaka meza ya keki inapinduka. Aliyaona hayo miaka na miaka, akayasimulia barazani na kuyacheka. Lakini hofu humsahaulisha mtu hata njia ya kwao. Alikuwa ameketi mbele ya yule bwana mwenye miwani, akaambiwa kwamba watu wasiposikia huenda nyumbani, akaamini, yeye, Moja-Mbili!

"Hatusikii!" walipiga kelele wa nyuma. "Sogeeni! Anasema nini?"

Uwanja ukaanza kwenda. Hakuna aliyekimbia wala aliyenuia ubaya. Kila mmoja alipiga hatua yake mbili tatu ili asikie, na hatua hizo zikajumlishwa migongoni mwa waliokuwa mbele. Kina mama walijaribu kukita miguu. Wa kwanza alivuka mstari kwa kusukumwa, wa pili akavuka kwa kumshika wa kwanza asianguke.

Moja-Mbili aliona. Akakizungusha kile kidude kurudi alikokitoa, akapitiliza kwa kiherehere, akapayuka kwenye kipaza chake cha akiba, "Rudini! Rudini nyuma!" Lakini spika zilipiga mluzi mkali wa kupasua masikio, kama chombo kinavyofanya kikipewa sauti kupita kiasi, watu wakashtuka wakidhani ni mlipuko. Askari nao walikuwa wamekwisha kuinua marungu. Moshi wa kuwasha macho ukarushwa. Waliotaka kwenda mbele wakakutana na waliotaka kurudi nyuma.

Moshi ulipotawanyika, mkewe alikuwa hai, amechanika paji la uso, anaita majina ya wenzake. Mama Cheko alikuwa amelala ubavu karibu na mstari, kiatu kimoja mguuni, chokaa usoni. Yeye aliyesema atakaa nyuma kabisa, kivulini. Alikuwa ameinuka kwa miguu yake ile ile mibovu, akaja kumsikiliza mwenzake.

Alifia kwenye korido ya hospitali, juu ya machela, kabla hakijapatikana kitanda. Fundi Viatu alikuwa amemshika mkono, na kwa muda mrefu baada ya kuambiwa aliendelea kuushika.

*

Jumapili, chai ikiwa bado jikoni, Kitinda aliingia mlangoni.

Mama yake alipiga yowe lililoleta mtaa mzima. Alimpapasa kichwa, mabega, mbavu, kama anayekagua nguo iliyorudi ikiwa imechanika. Kijana alikuwa mifupa na macho. Alikohoa, akakaa juu ya spika, akauliza kwa nini mama yake amefungwa bendeji.

"Wenzako wako wapi?" mama yake alisema. "Mrefu yuko wapi?"

"Sijui. Waliniita peke yangu. Nilidhani wanakwenda kunipiga."

Majirani waliojazana mlangoni walitazamana. Kisha mmoja, mwanamke mtu mzima mwenye mwanawe ndani, akasema kwa sauti ya kulia, "Ni damu ya Mama Cheko. Wameogopa. Damu yake imefungua lango." Neno hilo likapokelewa. Likatoka mlangoni, likazunguka mtaa, likavuka barabara. Mpaka jioni walikuwa wamekuja wanawake kutoka mitaa ambayo haikuwahi kutuma hata mtu mmoja, wanamwona kijana aliyetoka, wanamgusa, wanasema Ijumaa nao watasimama langoni. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya uongo huu ilikuwa ndefu na pana, na watu wakaijaza. Safari hii Moja-Mbili hakuwa amesema uongo wowote. Alikuwa amenyamaza tu, na watu wakajaza wenyewe.

Redioni walimsikia Afisa. Kina mama, alisema kwa masikitiko, walipewa uhuru wote, lakini walivuka mstari uliowekwa kisheria, wakawashambulia askari, na kwa hiyo vibali vyote vya mikutano vimefutwa. Moja-Mbili alisikiliza amesimama, kikombe mkononi. Hapo ndipo alipoelewa. Yule bwana hakutaka watu waende nyumbani. Alitaka wavuke.

Walimzika Mama Cheko Jumatatu. Fundi Viatu hakulia makaburini. Alimtafuta Kitinda katikati ya watu, akamshika uso kwa viganja vyake vyenye gundi isiyotoka, akamwambia, "Yeye ameondoka, wewe umetoka. Na mwenzio atatoka. Nimefurahi kukuona, mwanangu." Moja-Mbili alikuwa karibu kiasi cha kusikia. Alikwenda nyuma ya mti wa uzio, akatapika.

*

Alasiri hiyo mkewe alikuwa anakunja nguo za wateja zilizolala siku tatu. Jioni watu wangekusanyika mbele ya nyumba ya Fundi Viatu, naye alitakiwa aseme. Kitinda alikuwa amelala kibarazani.

"Spika hazikuharibika," Moja-Mbili alisema.

Mkewe alikunja mkono wa shati, akakunja wa pili. "Umesemaje?"

"Jumamosi. Hazikuharibika. Nilizizima mimi."

Alimweleza yote: benchi la korido, kipaza cha ukumbini, chai ya Jumapili. Alimweleza hata alivyocheka. Alipomaliza, mama wa watu aliketi juu ya fungu la nguo alizokuwa amezinyoosha, akazikunja upya zote kwa uzito wake.

"Nilikuwa nasema," alisema mwishowe. "Nilikuwa nasema, mume wangu. Mara yangu ya kwanza."

"Najua."

"Nilidhani ni mimi. Siku zote hizi nilidhani nimeshika vibaya, nimeminya kitu." Alijitazama mikono. "Nilimwomba Mama Cheko msamaha pale kwenye machela. Nilimwambia nisamehe, dada, sijui kutumia vyombo hivi."

Moja-Mbili alianza kulia. Mkewe alimwacha alie. Hakuwa na nafasi ya machozi ya mtu mwingine.

"Tusiwaambie," alisema mumewe aliponyamaza. "Si kwa ajili yangu. Watu wameongezeka. Umewaona mwenyewe. Wanaamini wameshinda kitu. Ukiwaambia kijana alinunuliwa, nani atasimama Ijumaa?"

"Wewe unadhani yule bwana atakaa na siri hii mpaka lini? Siku tutakayokuwa wengi kabisa ndiyo siku atakayoitoa. Atawaambia watu kiongozi wenu alimtoa wake kwa mlango wa nyuma, mwenzake akafa. Amekuweka mfukoni, na mimi nimo humo humo, na mtoto." Alivuta shati moja kutoka chini yake. "Hata kama asingesema. Mimi nitakaaje benchi moja na mume wa marehemu?"

"Watanichinja."

"Huenda."

"Na Kitinda?"

Kitinda alikuwa amesimama kwenye pazia la mlango. Hawakujua ameamka saa ngapi. Alikohoa, akatafuta viatu vyake kwa miguu, akatoka.

"Utasema wewe," mkewe alisema. "Kipaza nitakushikia mimi."

*

Watu walikaa kwenye mabenchi na mawe na ndoo mpaka barabarani. Moja-Mbili alifunga nyaya zake bila kuinua uso. Mtoto mmoja alimwitia "Tatu!" kabla hajasema lolote, mama yake akamnasa kibao.

Mkewe alisema wa kwanza, sentensi moja tu: mume wangu ana neno, naomba asikatizwe mpaka amalize. Kisha akamshikia kipaza mdomoni, karibu kabisa, kama yeye mwenyewe alivyowafundisha wasemaji wote wa mji ule. Moja-Mbili akasema. Hakujua kupamba. Alisema nilikwenda, aliniambia, nilikubali, nilizima. Alisema lango halikufunguliwa na damu ya mtu. Alisema yule bwana alitaka mvuke mstari, na mimi ndiye niliyewavusha. Sauti yake ilisikika safi hata mwisho wa barabara, hakuna aliyeweza kusema hakusikia.

Kwanza mwanamke mmoja akatema mate chini. Jiwe likaja, likapiga kimeza cha vyombo. Mwanamume mmoja akakunja mikono ya shati, wengine wakamzuia, wengine wakamwambia wamwache. Upande wa nyuma baadhi waliinuka, wakapangusa nguo, wakaenda zao bila kuaga, na mtu angeweza kuwatambua ni wale waliokuja jana. Kitinda alikuwa amesimama peke yake kwenye ukuta. Wale waliokuwa wakimgusa jana walikuwa wamemwachia nafasi pande zote. Aliondoka akielekea upande wa gereza, mama yake akamwita, asigeuke.

"Acheni," sauti ilisema. "Nipisheni."

Ni Fundi Viatu. Watu walimpisha, na yule mwenye mikono iliyokunjwa akashusha mikono yake, maana haki ya kwanza ilikuwa ya mfiwa. Alikuja polepole, amevaa koti la msibani lililomzidi mabega. Moja-Mbili alifumba macho akangoja. Alitamani lije, lolote lile, liwe zito, limalize.

Hakikuja kitu. Alipofumbua macho, Fundi Viatu alikuwa amesimama karibu sana, amekisogeza kipaza pembeni kwa nyuma ya mkono, watu wasisikie. Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa na kitu kibaya zaidi, yalikuwa na tumaini.

"Jirani," alisema kwa sauti ya chini. "Siku ile ulipokaa naye. Ulipomtaja wako. Wangu hukumtaja?"

Moja-Mbili alimtazama.

"Hata kidogo tu? Labda ulisema, kuna na mwenzake, mrefu hivi. Labda akaandika mahali."

Mkewe aligeuza uso.

"Sikumtaja," Moja-Mbili alisema.

Fundi Viatu alitikisa kichwa, kama mtu aliyeulizia bei akaambiwa iko juu. "Haya," alisema, akarudi kukaa.